Kituo cha Ustadh Kiyumars

Kabla sijawataja kwa vyeo vyenu, na najua mpangilio wa vyeo katika mji huu si jambo la kuchezewa, naomba niwasimulie mlio mmoja. Ni mlio mdogo sana, kama koleo linapovunja bonge la sukari katika chumba cha pili: kt. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimekaa vumbini nyuma ya kamba, siku ya mashindano ya mwaka mpya wa Noruzi, na watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamenyamaza. Ustadh Kiyumars alikuwa amepandisha fimbo yake ya gofu. Ikafika juu, ikasimama pale kama ilivyosimama siku zote, na ndani ya ukimya ule nikausikia: kt. Kisha fimbo ikashuka, mpira ukaondoka, na watu wakapumua kwa pamoja. Miaka kumi na saba imepita na mlio ule haujanitoka sikioni.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Farzin Kuhestani. Mhandisi Salarvand, Mwenyekiti wa Klabu yetu ya Gofu ya Tal-e Sorkh. Wazee wa koo zetu na mama zetu mlioketi mstari wa mbele. Wageni wetu kutoka Ahvaz na Abadan, ambao leo tumewasamehe yote mliyotutendea uwanjani. Wachezaji wenzangu, wake kwa waume. Na zaidi ya wote, Ustadh wetu Kiyumars Rahdar, pamoja na mkeo Mama Sanobar: salamu aleikum, na Ijumaa hii iwe njema kwenu nyote.

Mimi ni Nahal, binti wa Shirzad fundi wa pampu. Siku za kazi nawanyoosha watu viungo katika hospitali ya mji. Siku za mapumziko napiga mpira. Nimepewa heshima ya kumuaga Ustadh anayestaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kutufundisha. Lakini tusidanganyane. Najua hamkuja kusikia nikimsifu tu. Tangu juma lililopita sijaweza kununua mkate kwa amani. Muokaji mwenyewe, unga mpaka kwenye nyusi, ananiuliza: "Nahal, utakirithi kiti?" Na kabla sijajibu, aliye nyuma yangu anadakia: "Kiti si hoja. Kituo je? Kituo utakilinda?"

Kwa ajili ya wageni, nieleze kidogo. Sehemu nyingine za dunia fimbo hupanda na kushuka. Kwetu fimbo hupanda, husimama, mtu akahesabu moja kimoyomoyo, ndipo ishuke. Hicho ndicho kituo. Hakuna mji mwingine ulio nacho. Vijana wa Tehran walipokuja kucheza nasi walitucheka: "Hawa jamaa wanalala juu!" Na Ami Allahyar, mchomeleaji wetu mstaafu, akawajibu, "Tunalala, lakini tunaamkia shimoni." Tulishinda siku ile. Kwa hiyo Kamati iliponiandikia barua ya kunitaka nimrithi Ustadh, sentensi ya nne ilisema: mwalimu mpya atahifadhi mpigo wa asili wa klabu, pamoja na kituo chake. Na jibu litolewe kabla ya hafla hii kwisha. Nitalitoa. Lakini nivumilieni, kwa sababu jibu langu lina bega ndani yake, na bega hilo si langu peke yangu.

Ndugu zangu, ni mji gani mwingine unaopenda mchezo huu namna hii bila unyasi hata mmoja? Uwanja wetu ni mchanga, mashimo yetu yako kwenye miviringo ya mchanga uliomwagiwa mafuta mazito, na kila mchezaji anatembea na kipande cha zulia cha kuwekea mpira. Na zulia hilo limetoka wapi? Ami Allahyar, usigeuze uso. Mkeo Mama Golbahar yuko hapa, na kona ya zulia lake la harusi bado inakosekana. Nani kati yetu hajapiga mpigo mtupu kwenye foleni ya mkate, bila fimbo, bila mpira, mikono hewani? Mgeni mmoja kutoka Shirazi alisimama katika foleni ile, akaona wanaume watano mikono juu, wameganda. Akauliza kwa hofu, "Mnangoja nini?" Muokaji akamjibu, "Wanahesabu moja."

Na wazimu huu wote ameuwasha mtu mmoja. Ni Ustadh aliyetuambia, "Shika fimbo kama unavyoshika mkono wa mama mkwe: usiubane, usiuachie." Ni yeye aliyesema, "Miguu yako ni majirani. Mmoja akitoka, mwingine abaki kulinda nyumba." Ni yeye aliyesema, "Usiupige mpira. Wewe pita, uukute njiani." Nilipoielewa ile ya tatu nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na nawaambieni ukweli, sikulala. Fimbo yangu ilipita, ikaukuta mpira bila kunipa habari. Sikuhisi chochote mikononi, niliona tu nukta nyeupe ikipanda juu ya mnara wa gesi. Wanaocheza wanajua ninachosema. Unaishi mwezi mzima wa mipigo mibaya kwa ajili ya ule mmoja.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nafanya mazoezi jikoni kwa upawa wa mama. Na kila upawa ulipofika juu nilisimama, nikahesabu moja, nikapiga ulimi: kt. Nilidhani mlio nao ni sehemu ya mpigo. Siku Ustadh alipofungua darasa la wasichana, wakati wanaume wa Kamati ya zamani walikuwa wakimwambia atapoteza muda, nilisimama mbele yake na fimbo ya kuazima, nikafanya vilevile.

Akauliza, "Nani anavunja sukari hapa?"

"Ni mimi, Ustadh."

"Kwa nini, binti yangu?"

"Kwa sababu na wewe unavunja."

Alicheka mpaka akainama. Akacheka huku ameshika bega la kulia. Sikujiuliza kwa nini bega. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa na furaha.

Nikaenda Ahvaz kusoma, nikarudi. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Ami Allahyar, na ameniruhusu nimtaje. Kwa kweli ameniagiza nimtaje.

Nikamuuliza, "Ami, bega linauma lini zaidi?"

"Nikipandisha mkono."

"Kuupandisha kufanya nini?"

"Nini kingine, binti? Kuchana nywele?" Akajipapasa kichwa, nanyi mnakijua kichwa cha Ami. "Ni yale mabomba. Miaka thelathini ya mabomba."

Nikakubali kuwa ni mabomba. Mwezi uliofuata akaja mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kubeba bomba maishani. Bega lilelile, mahali palepale. Akasema ni chaki. Akaja mwenye duka la dawa. Akasema ni kipoza hewa. Akaja shangazi yangu mwenyewe. Akasema ni mto wa kulalia. Kufikia majira ya kuchipua walikuwa watu kumi na wanane, wote bega la kulia. Wa kumi na tisa alikuwa Bwana Parvizi wa posta. Bega la kushoto. Nilifurahi, Mungu anisamehe: nikafikiri huyu angalau ana ugonjwa wake mwenyewe. Akavaa koti, akafika mlangoni, ndipo nikakumbuka. Bwana Parvizi ndiye mchezaji wetu pekee anayepiga kwa kushoto.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Moyo ulinienda mbio kama siku ya mashindano. Hasira sikuwa nayo, nakiri mbele yenu. Nilikuwa na ile raha mbaya ya mtu aliyefumbua fumbo. Nikapandisha mkono wangu mbele ya kioo, nikasimama juu, nikahesabu moja. Fimbo haina uzito mkubwa, lakini inapokuwa nyuma ya kichwa na mwili umejisokota, ule uzito wote unaning'inia kwenye ukano mmoja mwembamba kuliko kidole changu kidogo. Mara moja si kitu. Mara mia kwa siku, miaka thelathini?

Baada ya siku tatu akaja Ustadh mwenyewe. Alisema amekuja kunijulia hali. Nikamwambia akae. Nikaushika mkono wake, nikaupandisha polepole, mpaka pale. Chumba kilikuwa kimya.

Kt.

Tukatazamana. Nikamwambia, "Ustadh, huu si mlio wa ufundi."

Akasema, "Najua."

Wazee wangu, haya ninayoyasema sasa ameniruhusu. Zaidi ya kuniruhusu, ameniamuru. Nilimwomba ayaseme yeye, akanijibu, "Mimi nikisimama watanipigia makofi kabla sijafika nilipokusudia. Wewe watakusikiliza, hata kama ni kwa kukukasirikia."

Baba yake Ustadh alimbebea mfuko wa fimbo mhandisi mmoja Mwingereza, zamani za visima vya kwanza vya mafuta. Mhandisi yule alianguka kutoka kwenye ngazi ya mtambo, akavunjika bega, na mfupa ukaungwa vibaya. Alipocheza, fimbo ikifika juu maumivu yalimkamata. Akangoja yamwachie. Kisha akashusha. Hakuwa na siri nyingine yoyote. Wabebaji wa mifuko hawakuwa na mwalimu wala kitabu. Walikuwa na macho. Walimtazama bwana huyo aliyekuwa akishinda kila mtu, wakaenda nyuma ya ghala na vipande vya chuma vilivyopindwa, wakamwiga kila kitu. Wakaiga na maumivu yake. Baba yake Ustadh peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimkanda bega kwa mafuta ya ufuta baada ya mchezo. Na alikaa nalo moyoni mpaka mwanawe alipokuwa amefundisha miaka kumi.

Ustadh aliniambia, "Nilimjibu baba: umechelewa. Mji mzima umeshajua kupiga."

Nikasema, "Basi, Ustadh, tukiache sasa."

"Wewe Nahal unaniambia nimefundisha ugonjwa miaka arobaini?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Akachukua koti lake. Mlangoni akageuka. "Nikiondoa kituo, kitabaki nini changu?"

Akaondoka. Siku kumi na moja hakuitikia salamu yangu. Tulipishana sokoni, tukapishana uwanjani, akawa anatazama vitunguu, anatazama mchanga. Nilijiuliza kila jioni: ni nani amenituma? Ningeweza kuwakanda mabega yenu kimya kimya mpaka nizeeke, mkaendelea kunishukuru. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nyumbani wananiita kisima. Lakini katika darasa la wasichana nilikuwa nimeanza kuwaona wakisimama juu, wakihesabu moja, midomo ikichezacheza, na wengine wakishika bega wanapocheka.

Siku ya kumi na mbili, alfajiri, mlango ukagongwa. Ustadh, na fimbo mkononi. Akasema, "Njoo unionyeshe namna ya kutosimama. Na usicheke."

Sikucheka, kwa sababu na mimi sikuweza kutosimama! Mazoea yana taabu. Mimi niliyesoma, niliyejua jina la kila msuli, nilipandisha fimbo nikijiapiza kutosimama, na mikono ikasimama. Ustadh akapandisha, ikasimama. Alijitukana kwa Kibakhtiari safi ambacho sitakirudia mbele ya Mheshimiwa. Wiki tatu tulikuwa tunakwenda uwanjani kila alfajiri kama watu wawili waliosahau kutembea. Tulijaribu kufumba macho. Tulijaribu kuhesabu kinyume. Alijaribu kuniapisha.

Aliyetuokoa ni Mama Sanobar. Alituletea chai, akatutazama, akatia kipande cha sukari mdomoni mwake, akasema, "Nyinyi wawili mmesoma mno. Kiyumars, kwenye harusi ya binti yetu Behnush ulisimamisha mkono juu?"

"Harusi imeingiaje hapa, mama?"

"Ulicheza ngoma ya leso mpaka zumari likachoka. Leso ilipanda, ikazunguka, ikashuka. Ilisimama wapi?"

Ustadh akatoa leso mfukoni, akaifunga kwenye kichwa cha fimbo. Akaanza kuimba kwa pua ule wimbo wetu wa harusi, ngoma akiipiga kwa kisigino mchangani. Fimbo ikapanda na leso ikipepea. Na mkono ulipotaka kusimama, leso ikalegea mbele ya macho yake, ikamuumbua. Akarudia. Ikalegea kidogo. Akarudia. Mara ya tisa au ya kumi leso haikulegea. Ilizunguka juu yake kama mwewe, ikashuka na mlio wa kitambaa kinachochanika.

Akaifungua. Akaweka zulia, akaweka mpira. Mzee wa miaka sitini na minane! Akapiga.

"Nahal! Umekwenda wapi?"

"Sijauona, Ustadh!"

"Hata mimi sijauona!"

Tuliutafuta nusu saa, sote watatu, Mama Sanobar na birika mkononi. Tuliukuta ng'ambo ya bomba kuu, mahali ambapo katika maisha yangu sijaona mpira wa mtu yeyote wa mji huu ukifika. Ustadh alisimama juu yake, akaupandisha mkono wake wa kulia, akaushusha, akaupandisha tena. Akasema, "Hakuna kitu. Sikia. Hakuna kitu." Akalia, na mimi nikatazama milima ili nisimwone.

Nasikia minong'ono safu za nyuma. Nong'oneni, ni haki yenu. Ami Allahyar, nimekusikia pia: ndiyo, Tehran watacheka. Watasema tumeamka.

Lakini Ustadh aliniuliza swali mlangoni kwangu, na leo nina jibu, naye asikie mbele ya watu wake. Uliuliza kitabaki nini chako. Kituo kilichukua hesabu ya moja tu. Kabla ya hesabu ile kuna mshiko tuliojifunza kwako, kuna miguu, kuna kupanda. Baada yake kuna kiuno kinachotangulia na mikono inayofuata, kuna kupita na kuukuta mpira njiani. Hayo yote ni yako. Nani alitufundisha kwamba fundi wa pampu na mkuu wa wilaya wanangojana kwenye zulia moja? Nani alifungua lango kwa wasichana na kubaki langoni miezi miwili akijibu maswali ya baba zao? Kituo kilikuwa cha mtu mwingine, Ustadh, na kilikuwa maumivu yake. Ulikibeba kwa niaba yetu kuliko sote, kwa hiyo kimekuumiza kuliko sote. Na kuna mzee gani mwingine, katika mji gani mwingine, aliyebadilisha mpigo wake wiki sita kabla ya kustaafu, ili mrithi wake asilazimike kudanganya?

Enyi wenye mabega, na mnajijua, mlango wangu uko wazi Jumamosi hadi Jumatano. Msione haya. Msiniambie ni mto.

Namshukuru Mheshimiwa kwa kuja, naishukuru Kamati kwa kuniamini kabla haijajua nitasema nini, nawashukuru waliotengeneza chakula ambacho harufu yake inaniambia ninyamaze. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu na kunivumilia.

Na sasa jibu. Mhandisi Salarvand, leo saa kumi na mbili asubuhi nimefundisha somo langu la kwanza. Walikuja wasichana kumi na mmoja, na hakuna aliyehesabu moja. Saa nne nikairudisha barua ya Kamati ofisini kwako. Nimekubali kazi. Sentensi ya nne, ile ya kuhifadhi kituo, nimeikata kwa wino mweusi na kutia sahihi pembeni yake, na chini ya sahihi yangu, kama shahidi, ametia sahihi Kiyumars Rahdar.